Mama mkwe alirudi akaikuta stoo nyeupe

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu ulihifadhi. Mtwara mji wetu ni mdogo, na mawifi zangu wanasoma kila kitu.

Nina miaka 38, nina watoto wanne, na kazi yangu ni ushonaji. Nashonea nyumbani, barazani wakati wa kiangazi na sebuleni mvua zikianza. Mume wangu ni dereva wa lori. Akiondoka Jumatatu naweza nisimwone mpaka wiki inayofuata. Tunaishi Likombe, nyumba ya vyumba vitatu, sebule na stoo, na ndani tuko tisa: sisi wawili, watoto wetu, wapwa wawili wa mume wangu waliokuja kusoma sekondari hapa mjini, na mama mkwe.

Mama mkwe alikuja kutoka Newala mwaka 2022, baba mkwe alipofariki. Kirikuu ilikwenda na kurudi mara mbili. Ilishusha sanduku la bati, vinu viwili (kimoja kimepasuka), kitanda cha kamba, majembe yasiyo na mipini, madumu 14 ya lita 20, redio kubwa ya mbao ambayo sijawahi kuisikia ikilia tangu niolewe, na mabeseni ya plastiki 23 yaliyopachikwa moja ndani ya jingine, mengi bado yana stika ya dukani. Nilimpokea kwa mikono miwili, Mungu ni shahidi. Ila nilipoyaona yale makorokoro yanaingia mlangoni, moyo ulinishuka.

Shangazi, mimi nilikulia Lindi, Mikumbi, chumba kimoja na mama yangu na wadogo zangu watatu. Kila asubuhi tulikunja godoro tukaliegemeza ukutani ndipo tupate pa kukanyaga. Nilijiapia kwamba kwangu kutakuwa na nafasi. Sasa nina nyumba, na kutoka mlango wa mbele mpaka jikoni napita upande upande. Madumu yamejipanga korido nzima. Stoo ilijaa mpaka dari, ukifungua mlango kitu kinakuangukia. Kila asubuhi kuna kiatu kimoja cha shule kinachotafutwa, na kuna mtoto analia. Kuna siku nilishona gauni la harusi huku nimeweka mguu mmoja juu ya kiroba. Vipande vyangu vya vitambaa navyo vinachukua sehemu, sikatai, lakini hivyo ni vya kazi.

Kilichoniuma zaidi ni binti yangu mkubwa. Yuko kidato cha nne, mtihani wa taifa ni mwezi ujao. Alikuwa anasubiri watu wote walale, ndipo anakaa sakafuni jikoni na tochi ya simu, daftari amelipakata. Nilimkuta saa nane usiku amelalia kitabu cha Bayolojia, mende anatembea kwenye ukurasa.

Nilimwambia mama mkwe mara tatu, kwa adabu: “Mama, tupunguze vitu.” Mara zote tatu alinijibu neno moja: “Vitatufaa.”

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa alikwenda Newala kwenye arobaini ya ndugu yake. Mume wangu alikuwa safarini. Nikasema ni leo. Mimi na binti tulifanya kazi siku mbili. Bomba bovu la kupulizia mikorosho, majembe, masufuria yaliyotoboka, vyote nilimuuzia kijana wa vyuma chakavu, akanipa Sh18,500. Kinu kilichopasuka nikakipasua kuni. Viroba vilivyochakaa nikavichoma nyuma ya nyumba. Mabeseni 11 nikawagawia wenzangu wa kikoba. Redio sikuitoa. Sijui kwa nini, mkono ulisita, nikaifuta vumbi nikaiweka kando ya kitanda chake, na sanduku nikaliweka hapo hapo. Mifuko mitatu ya salfa ya mikorosho iliyobaki ya mume wangu nimeiweka chini ya kitanda cha wavulana kwa muda, mpaka nipate pa kuipeleka. Tukafagia, tukapaka chokaa, tukaingiza meza ndogo na kiti. Stoo ina dirisha dogo la nondo. Usiku ule binti yangu alisoma mpaka saa sita, akaja kunikumbatia kwa nyuma nikiwa kwenye cherehani, hakusema kitu.

Mama mkwe alirudi Jumanne. Alisimama mlangoni pa stoo, akatazama. Akasema, “Ahsante mwanangu, nyumba imekuwa nyeupe.” Akaingia chumbani.

Tangu siku ile ni wiki tatu. Ananijibu salamu, basi. Anajipikia uji wake nje kwa mafiga. Jumapili alimkuta jirani anafulia kwenye beseni la bluu, akasimama akaliangalia kwa muda, akarudi ndani. Wasichana wanaolala naye wananiambia kila usiku anafungua sanduku, anatoa daftari, anapitisha kidole mstari kwa mstari. Mama hajui kusoma. Nilichungulia siku moja alipokwenda kliniki: ni majina ya watu, doti za khanga, mabeseni, fedha. Mwandiko naufahamu, ni wa marehemu baba mkwe, saba zake alikuwa anazikata katikati.

Wifi amenipigia kutoka Newala, anasema nimemfukuza mama yake kwa ufagio. Anasema mabeseni yale yalikuwa ya kutunzana kwenye unyago, na Desemba kuna wanawali wanatolewa, mama atakwenda na nini? Mume wangu anasema kwa simu, “Yamalizeni wanawake wenyewe,” halafu hapo hapo ananiuliza viroba vyake viko wapi, msimu wa korosho ndio huu, korosho zitabebwa na nini kutoka shamba la Nanyamba? Juzi akasema labda tukodi chumba kwa jirani, Sh25,000 kwa mwezi, vitu virudi huko. Na mama mkwe mwenyewe amemwambia mwanawe kwamba anataka kurudi Newala. Ana presha, kliniki yake ni hospitali ya Ligula hapa mjini, na kule nyumba yake imeanza kuanguka.

Shangazi, nilikosa? Nirudishe stoo kama ilivyokuwa binti yangu arudi sakafuni? Nimwache mama aende? Mwenzako nimechoka, lakini usiku nikilala naliona lile beseni la bluu.

Mama wa Likombe


JIBU

Marahaba mwanangu.

Kuna jambo moja halisubiri mazungumzo wala suluhu. Hiyo salfa itoke chini ya kitanda cha watoto leo. Vumbi lake linawasha macho, linakera koo na mapafu, na mtoto mwenye kifua chepesi linaweza kumbana usiku. Tena ni kitu kinachoshika moto upesi, na moshi wake ni wa kukaba. Isikae jikoni, isikae karibu na unga wala mchele, isikae mahali pa unyevu. Ipandishwe juu ya mbao, mahali pakavu, nje ya vyumba vya kulala, pafungwe kwa kufuli. Na hilo si lako peke yako. Mpigie baba watoto, mwambie kwa upole lakini usizunguke: salfa ni yake, pa kuiweka atafute yeye, na kama kuna mkulima mwenzake mwenye ghala huko Nanyamba, aipeleke huko kwenye safari ijayo.

Sasa tukae.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Naona mama aliyekuta mwanawe amelalia kitabu sakafuni na mende anapita, akasema hapana. Kwa hilo usijionee haya hata kidogo. Naona pia nyumba moja yenye kumbukumbu mbili za dhiki: wewe ulikulia pasipo na nafasi, mwenzako alikulia pasipo na vitu. Wewe ukiona korido imejaa unarudi Mikumbi, unaliona godoro limeegemezwa ukutani. Yeye akiona stoo nyeupe, sijui anarudi wapi, lakini naweza kukisia.

Wewe ni mtu wa Lindi, sidhani uliwahi kuishi juu kule Newala. Uwanda wa Makonde uko juu na ardhi yake haishiki maji. Mabibi zetu kule waliteremka mabondeni alfajiri na kupanda na mtungi kichwani jua limeshatoka. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, na hata baada ya hapo maji ya bomba hayakuwa ya kila siku wala ya kila kijiji. Mtu aliyekulia hapo hatupi dumu. Kwake dumu tupu ni maji ya kesho ambayo bado hayajaja. Wewe ulihesabu madumu 14, ukaona korido imezibwa. Huenda yeye amehesabu watu tisa.

Kama umri wake ni ule ninaoufikiria, alikuwa binti au bi harusi wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu walipohamishwa wakaacha nyumba na mikorosho nyuma. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna korosho takribani tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata 20,000. Fedha iliyokuwa ikiingia kila mwaka ikakauka, na miaka ile ile ya 1980 ukiwa na fedha mkononi hupati sabuni wala khanga, unapanga foleni kutwa nzima unarudi na kipande. Aliyepitia hayo akikuambia “vitatufaa” hakuambii kwamba ni mbahili. Anakueleza namna alivyolea watoto, akiwemo huyo mume wako.

Sikuambii haya ili umwachie ajaze nyumba. Korido ya watu tisa lazima ipitike, usiku wa manane mtoto akiugua mtu asijikwae kwenye dumu. Nakuambia kwa sababu ya neno ulilolitumia, makorokoro. Ulilitumia kirikuu ikiwa bado inashusha, kabla hujajua kilichomo. Naomba uliweke pembeni kwa muda, uone kama macho yako yatakiona kitu kile kile.

Mabeseni, kwa mfano. Beseni lenye stika ambalo halijawahi kushika maji kwa miaka, macho ya mshonaji anayetafuta pa kukunjulia kitambaa yataliona uchafu. Lakini wewe ni wa kikoba, mwanangu. Unajua maana ya kuweka na kurudishiwa. Fulani alinitunza beseni na doti ya khanga mwali wangu alipotolewa, nami nitamrudishia mwanawe akitolewa, nikiongeza kidogo ili isionekane nimelipa deni nikaondoka. Vile vyombo vilikuwa akiba yake. Mjane asiye na shamba la kuvuna wala cherehani ya kushonea, heshima yake mbele ya wenzake wa Newala ilikuwa imepachikwa pale moja ndani ya jingine. Wewe hukujua. Nami nakuamini kwamba hukujua. Ila wote wawili mlikuwa na mdomo. Ulimwambia “tupunguze” mara tatu, hukumuuliza hata mara moja “hivi ni vya nini?” Naye alikujibu neno moja mara tatu, hakukueleza. Nyumba ina watu tisa na kila mtu ana haraka, mambo kama haya hayapati saa yake.

Halafu kuna daftari.

Uliandika kwamba mama hajui kusoma, ukaandika kwamba mwandiko ni wa marehemu, ukapita ukaenda kwa wifi. Rudi hapo. Mtu asiyejua kusoma anafungua daftari kila usiku na kupitisha kidole mstari kwa mstari. Anatafuta nini? Mimi nawaona watu wawili jioni barazani Newala, mke anataja jina, mume anaandika, saba anaikata katikati. Miaka mingapi walifanya hivyo? Aliyekuwa akimsomea hayupo tena. Kilichobaki mkononi ni karatasi, na stooni vilibaki vile vitu vilivyotajwa kwenye karatasi. Ukitoa vitu, karatasi inasema habari za vitu visivyokuwepo.

Sijui kama ndivyo anavyohisi. Mimi si mpiga ramli. Ila umechukulia kwamba amenuna kwa sababu ya mabeseni, na wifi naye amechukulia hivyo, na mume wako anaona viroba tu. Hakuna aliyeuliza kama huyu mama amekuwa na nafasi ya kumlilia mumewe tangu mwaka 2022, ndani ya nyumba ambayo hata kulia lazima upishane na mtu koridoni. Mkono wako ulisita kwenye redio. Ulihisi kitu ambacho kichwa kilikuwa hakijakijua.

Nikuulize na jambo jingine, usinikasirikie. Katika barua yote umenitajia vitu vya mama kwa hesabu, madumu 14, mabeseni 23. Vya kwako umesema “vinachukua sehemu”. Sehemu ipi? Una viroba vingapi vya vipande? Nguo ngapi za wateja ziliachwa kabla ya harusi ya mwaka juzi na wenyewe hawarudi? Nimekaa na mafundi cherehani, najua kile kipande cha satini cha nusu mita ambacho kitakuja kufaa kwenye kola. Kitatufaa. Unaona? Na bomba la kupulizia, salfa, viroba vya korosho ni vya baba watoto, ambaye ameshawaachia wanawake wenyewe wayamalize. Nyumba hii haikujazwa na mtu mmoja aliyekuja na kirikuu. Kama utamwambia mama apunguze, kinywa kitakuwa chepesi zaidi ukiwa umeshapunguza vyako, tena akiona.

Sasa njia ulizozitaja.

Kurudisha stoo kama ilivyokuwa. Haiwezekani hata ukitaka, kinu kimeshakuwa majivu. Na ukimrudisha binti sakafuni wiki chache kabla ya mtihani utakuwa umemlipisha mtoto deni la watu wazima, na bibi yake atakuwa ameonekana ndiye aliyemtoa. Hilo litamwekea mama doa ambalo hakuliomba. Huenda ukajua mwenyewe la kufanya, ila mimi kiti na meza ya yule mtoto nisingevigusa kabla ya mtihani kwisha.

Kukodi chumba kwa jirani. Mume wako anataka amani ya haraka, namwelewa. Sh25,000 kila mwezi ni Sh300,000 kwa mwaka, na kwa unyevu wetu huu wa pwani, chumba kisichofunguliwa kinazalisha mchwa na panya. Vitu vitaoza mahali pasipoonekana, na mtakuwa mmelipia msioneshane vitu badala ya kuzungumza. Ila kwa miezi miwili, mpaka Desemba ipite, mnaweza kuona inafaa kama pa kupumulia. Hapo mjue mnanunua muda, na muwekeane tarehe ya kukirudisha.

Mama kurudi Newala. Hapa naomba uende taratibu, kwa sababu naona ndani yako kuna sehemu ndogo iliyochoka ambayo ingefurahi. Si dhambi kuchoka. Lakini presha haitibiwi kwa kusafirishwa na huzuni, nyumba inaanguka, na yeye akiondoka leo ataondoka kama aliyefagiliwa. Maneno ya wifi yatakuwa ya kweli hata kama hayakuwa ya kweli. Upande wa pili, inawezekana anataka kwenda kweli, hata bila ya ugomvi huu. Mila ya Wamakonde inafuata ukoo wa mama, mjomba ana wajibu kwa wapwa wake, ndiyo maana wale vijana wawili wako kwenu kwa haki kabisa. Lakini mama mwenyewe, kuishi kwa mke wa mwanawe, huenda anajiona mgeni kila siku, mwenye kitanda kimoja na sanduku. Kwenda Desemba kwa ngoma, akakaa mwezi mzima kwa binti yake akarudi kwa kliniki, ni tofauti na kuhama. Muulizeni kama anataka kwenda au anataka kuondoka. Huyo wifi anayepiga simu naye aulizwe kwa heshima, bila kumrushia: “Wifi, mama akija kwako atalala wapi, na dawa zake tutazifikishaje?” Asije akawa anapigania mabeseni asiyotaka kuyaweka kwake.

Na kuna kukaa naye, wewe na yeye. Umeiacha hii kwenye orodha yako. Ni ngumu kuliko zote na haina uhakika. Unaweza kuomba msamaha asiuitikie siku hiyo. Anaweza kukufungulia daftari ukakuta deni ni kubwa kuliko mabeseni 11. Anaweza kulia, nawe ukalia, na chakula kikaungua. Kama unaogopa kukaa naye peke yako, una somo wako, yule aliyekufunda, au yeye ana rika lake hapa mjini, mama mtu mzima anayejua kukaa katikati bila kupeleka maneno. Mtumie. Huo ndio wajibu wao tangu zamani.

Ukikaa naye, nina ombi moja kuhusu maneno. Usianze na “Mama, nilitaka tu nyumba iwe safi.” Ukianza hivyo unamwambia kwamba yeye alikuwa uchafu. Sema ulichokifanya: nilitoa vitu vyako bila kukuuliza, ulipokuwa msibani. Hilo la msibani litaje wewe mwenyewe, maana yeye hatalitaja, na ndilo zito.

Na mabeseni, mwanangu, usikimbilie kununua. Najua kesho unaweza kupita sokoni ukarudi na 11 mapya yanang'aa ukadhani umelipa. Ulitoa bila kumuuliza, sasa usilete bila kumuuliza. Pengine atakuambia wenzako wa kikoba wayatumie tu, yeye anataka vitenge badala yake. Pengine kuna matatu ya watu fulani ambayo lazima yarudi kwa watu wale wale, na ni wewe utakayekwenda kwa jirani kuomba lile la bluu. Ni aibu ndogo, utaimudu.

Kuhusu upangaji wenyewe, nisikuache hivi hivi, kwa sababu tatizo la nafasi ni la kweli hata mkipatana. Nyumba yenu haina ukubwa wa sakafu, ila ina kuta. Fundi wa mbao akupigie rafu ndefu moja koridoni, juu ya kichwa cha mtu, madumu matupu yapande huko kwa kamba na yanayotumika yabaki manne chini karibu na jikoni. Acha mama ndiye aseme ni yapi manne. Viatu vya shule vipate ubao wenye misumari au kapu moja mlangoni, na sheria iwe jioni, si asubuhi: hakuna anayekula kabla viatu vyake viwili havijakaa pamoja. Vitu vya msimu, mabomba na viroba, vipate mahali pamoja nje chini ya bati, vikiinuliwa kutoka ardhini, na mwenye navyo ni baba watoto, yeye ndiye wa kuulizwa. Vipande vyako chagua tenga moja. Likijaa, kitu kitoke ndipo kingine kiingie. Usifanye siku mbili mfululizo tena kama ile Jumamosi, mtu akichoka anatupa bila kuangalia. Fanya pembe moja kwa saa moja, mama akiwa amekaa kwenye kiti hapo hapo, mikono yako ikifanya kazi na mdomo wake ukiamua.

Stoo ni suala la baada ya mtihani. Pengine itabaki ya kusomea, maana una watoto wengine nyuma yake na wale wapwa wawili. Pengine mama ataomba ukuta mmoja. Ukuta mmoja wa rafu na meza vinaweza kukaa pamoja. Lakini hayo ni ya kwenu, nisiwapangie kutoka huku.

Daftari nalo nililifikiria. Kuna mtoto ndani ya nyumba hiyo anayejua kusoma vizuri, aliyebeba vile vitu kwa mikono yake pamoja nawe, na huenda naye analala na jambo moyoni ambalo hujamuuliza. Mtihani ukiisha, kama bibi yake ataridhia, anaweza kukaa naye jioni akamsomea mstari kwa mstari. Na kama Desemba kutakuwa na majina mapya ya kuandika, mwandishi atakuwepo. Lakini wazo hili asilisikie kwako kama mpango. Lije baadaye, likija.

Mimi ningeanza na redio, kwa sababu ndicho kitu ulichokitunza bila kuambiwa. Jioni moja watoto wakiwa nje, ingia na kikombe cha chai, kaa chini kwenye mkeka, si kitandani. Muulize ilinunuliwa lini, na baba alikuwa anaisikiliza saa ngapi. Kisha usiongeze neno, hata akikaa kimya muda mrefu.